Gofu na Mahame

Yako maneno mawili katika Kiswahili ambayo watu wa siku hizi huyatumia kana kwamba ni neno moja: gofu na mahame. Gofu ni jengo lililochakaa likabaki kuta tupu. Na kwa mfano huo huo, mtu aliyekondeshwa na maradhi husemwa kuwa amebaki gofu la mtu. Mahame si jengo. Mahame ni mahali walipohama watu: mji au kijiji, pamoja na visima vyake, makonde yake, makaburi yake, miti iliyopandwa na njia zilizokanyagwa. Gofu ni habari ya kuta, na mahame ni habari ya watu. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, ya kufaa kujadiliwa na walimu wa lugha peke yao. Walakini juu yake limesimama shauri zima linaloendeshwa sasa katika pwani, shauri la kufufua majumba na miji ya kale iliyo karibu na fukwe zilizosongwa na hoteli. Kwa maana gofu huweza kutengenezwa kwa mawe na chokaa. Mahame hayatengenezeki ila kwa kurudiwa na watu.

Shauri lenyewe husemwa hivi. Fukwe za kaskazini na mashariki ya Unguja zimejaa. Nungwi, Kendwa, Kiwengwa na Paje, palipokuwa na ngalawa na nyavu zikianikwa, sasa pana vitanda vya kuotea jua. Mwaka 2019 walifika Zanzibar wageni zaidi ya laki tano, na mwaka 2023 zaidi ya laki sita. Ilhali wenyeji wote waliohesabiwa mwaka 2022, wa Unguja na Pemba, watoto wachanga pamoja nao, hawakufika milioni mbili. Basi, yasemwa, wageni hawa yafaa watawanywe. Magofu ya mashamba yafyekwe, yatiwe vibao na taa, na pengine hata yaezekwe yawe nyumba za kulala, ili fedha iingie vijijini na ufukwe upate kupumua. Maneno haya ni matamu, na wengi wayasemao wana nia njema. Ubaya wake haumo katika kutaka kufufua. Umo katika kuuliza mgeni ataona nini kabla ya kuuliza mwenyeji atafanya nini.

Uchukuliwe mfano mmoja. Njia itokayo Mjini kwenda Nungwi hupita Mkokotoni, na mbele yake Fukuchani. Hapo, baina ya njia na bahari, mkabala na kisiwa cha Tumbatu, pana nyumba ya mawe ya karne ya 16: kuta nene za mawe ya matumbawe, milango yenye tao, vidaka, na ua uliozungushiwa ukuta wenye vitundu vidogo. Mbele kidogo, ng'ambo ya pili ya njia, iko nyingine, ya Mvuleni, kubwa kuliko ile, na nje ya ukuta wake pana pango lenye maji baridi. Wageni wanaopita hapo kila siku ni wengi, wanaoteremka ni wachache. Na nyumba hizo mbili, kwa umri wa mahali penyewe, ni watoto. Chini ya udongo wa Fukuchani wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kijiji kilichokaliwa tangu kabla ya nyumba hizo kwa karne nyingi, karibu miaka elfu, pamoja na vyungu vya wenyeji na vitu vilivyokuja kwa bahari kutoka mbali. Ng'ambo ya maji, katika Tumbatu, upande wa Makutani, yako mabaki ya mji wa mawe wenye misikiti, uliostawi baina ya karne ya 12 na ya 14. Yaqut, mwanajiografia wa Kiarabu aliyekufa mwaka 1229, alikijua kisiwa hicho kwa jina lake, akaandika kwamba watu wake ni Waislamu. Kwa hivyo kijiji ambacho leo hupitwa na magari kama kituo kisicho na jina kilikuwa mlango wa bahari siku ambazo miji mingi iliyo mashuhuri sasa duniani ilikuwa bado misitu na matope.

Lakini muulize mpita njia nyumba hizo ni za nani. Yamkini atajibu kuwa ni nyumba za Wareno. Jina hilo limeandikwa katika vitabu vya wageni, likasomwa, likarudiwa, mpaka likarudi kijijini na kuketi kama mwenyeji. Sababu yake ni vile vitundu vya ukutani: vilidhaniwa kuwa ni vya bunduki, na bunduki ikadhaniwa kuwa haiwezi kuwa ya mtu mwingine ila Mreno. Waliochunguza ujenzi wake kwa makini wanaona ni kazi ya Waswahili. Mawe, chokaa, vidaka na mpango wa vyumba ni vile vile vya nyumba za mawe za mwambao wote. Hata hivyo jina likishashika ni gumu kulibandua, seuze likiwa jina linalompendeza mgeni kwa kumwonyesha kivuli cha babu yake ugenini.

Kosa hili si la madereva wala wauza vitabu peke yao. Lilianza kwa wenye elimu. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, na ambaye kazi yake ya mikono ilikuwa ya uangalifu wa kusifiwa, alishikilia katika kitabu chake Men and Monuments on the East African Coast, kilichotoka mwaka 1964, kwamba majengo ya kale ya pwani hii hayakuwa ya Waafrika, bali ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu na wenyeji lakini si ustaarabu. Mambo hayo yalikaa vitabuni kama sheria. Mpaka uchimbuaji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulipofunua msikiti chini ya msikiti: wa chini kabisa wa miti, na juu yake mwingine na mwingine, hata kufika wa mawe, katika mahali pale pale na mikononi mwa watu wale wale. Hoja ya Kirkman ikavunjika vyuoni. Njiani haikuvunjika. Na mtu aliyeambiwa tangu utoto kwamba ukuta ulio nyuma ya konde lake ni wa Mreno, kwa nini aulinde? Jiwe la Mreno likifaa kujengea tangi la maji, atalichukua, wala hatalala macho kwa majuto.

Sasa utazamwe mfano wa pili, ulio kusini. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi katika kibla chake, yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, nao ni sawa na mwaka 1107. Ni katika maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Jengo lililopo sasa si lile lile lote; lilijengwa upya katika karne ya 18, na likatengenezwa tena baadaye. Ukiutazama kwa mbali hauna fahari: kuta zimepakwa chokaa na paa ni la bati. Wageni waendao Kizimkazi kuwatazama pomboo hupita karibu nao wasijue. Lakini msikiti huu haukuwa gofu. Kwa nini? Si kwa ajili ya kibao, wala kwa ajili ya ulinzi wa askari. Ni kwa sababu watu wa Dimbani wanaswali ndani yake. Ukivuja huonekana siku ile ile, kwa kuwa maji humdondokea mtu aliye katika sala. Paa la bati ambalo mpenda picha hulichukia ndilo lililoiweka hai kazi ya mchongaji wa karne ya 12, nalo liliwekwa na watu ambao hawakutaka kuhifadhi historia. Walitaka kuswali pakavu.

Watunzaji wengi wa mambo ya kale hawapendi kusikia hayo, nao hujibu kwamba nyumba ya Fukuchani haiswaliwi wala haikaliwi, basi mfano wa Dimbani hauifai. Ni kweli haikaliwi. Lakini lina matumizi mengine ambayo mahali huweza kurudiwa kwayo, na matumizi hayo ndiyo yaliyokatazwa. Sheria za kuhifadhi mambo ya kale, ambazo asili yake ni enzi ya ukoloni, zilifanya jema moja kubwa: zilizuia kuta zisibomolewe. Asiyelikubali hilo hana insafu. Lakini kwa mkono ule ule zilimwondoa jirani. Mahali palipokuwa pa kupeleka ubani, pa kuchota maji, pa kuchungia mbuzi na pa kuwasimulia watoto, pakawa pa Serikali; na kila kitu kilicho cha Serikali, katika fikira za mtu wa shamba, ni kitu ambacho hakimhusu mpaka aulizwe. Ndivyo mahame yalivyohamwa mara ya pili. Mara ya kwanza walihama kwa vita, au kwa kiu, au kwa biashara kugeuza njia yake. Mara ya pili walihamishwa kwa ubao ulioandikwa katika lugha wasiyoisoma.

Watakao kumleta mtalii Fukuchani wanataka kuhamisha watu mara ya tatu. Neno hili ni kali, na lina ushahidi. Ushahidi wake uko hatua chache kutoka hapo, kwenye ufukwe wenyewe. Baada ya mwaka 1986, milango ya uwekezaji ilipofunguliwa Zanzibar, fukwe za kaskazini na mashariki zilisemwa kuwa tupu. Ati hapakuwa na kitu ila mchanga na minazi. Nungwi ilikuwa na mafundi wa majahazi ambao kazi yao ilijulikana visiwani kote. Pwani ya mashariki ilikuwa na wanawake wanaolima mwani. Kila bandari ndogo ilikuwa na mahali pa kuvutia ngalawa, pa kuanikia dagaa, pa kuchomea chokaa. Vitu hivyo havikuhesabiwa, kwa kuwa havikuwa na hati. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Serikali, na mwekezaji hupewa kwa kukodishiwa miaka mingi. Mvuvi hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba babu yake alivuta ngalawa pale pale. Basi leo katika baadhi ya mahali hupita baina ya kuta mbili za hoteli, katika kichochoro, kwenda kuitazama bahari aliyozaliwa nayo. Kama ufukwe, ambao kila asubuhi ulikuwa na watu, uliweza kuitwa mtupu, je, magofu yataitwaje?

Watetezi wa shauri hili watasema kwamba mambo ya leo ni mengine, kwamba sasa wanakijiji hushirikishwa. Neno kushirikishwa lastahili kutazamwa. Kushiriki ni kitendo cha mtu mwenyewe. Kushirikishwa hufanywa na mtu mwingine, naye anayeshirikishwa hungoja aitwe. Katika mikutano ya namna hii mradi huwa umekwisha kuchorwa. Wazee huitwa, hunyweshwa soda, huonyeshwa ramani, huombwa dua, na mwisho hutakiwa kutia sahihi kwamba walikuwapo. Kijana mmoja hupata kazi ya ulinzi na mwingine ya kufagia. Ngoma hutafutwa, hata kama kijiji hicho hakina ngoma ya aina hiyo, kwa sababu mgeni hutarajia ngoma.

Tena yafaa msomaji akumbuke mambo mawili ya mwaka 2020. Katika Machi ya mwaka huo ndege za wageni zilisimama kwa ajili ya maradhi ya korona, na hesabu ya wageni wa mwaka mzima ikashuka hata kufika yapata nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Hoteli zilifungwa, wapishi na wapiga deki wakarudi kwao. Kila kitu kilichokuwa kikiishi kwa wageni kililala njaa siku moja. Misikiti ya vijijini haikufungwa kwa kukosa watalii, wala Mwaka Kogwa wa Makunduchi haukuwahi kuwa mali yao. Wageni huja Makunduchi kila Julai kuona watu wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Wanakaribishwa, wanalishwa, na wasipokuja mwaka huingia vile vile. Jambo la pili lilitokea tarehe 25 Desemba mwaka huo huo, Beit al-Ajaib ilipoanguka upande wake mmoja, ikaua watu wawili, katikati ya kazi ya kutengenezwa. Hilo ni jumba la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lililo ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hapana nyumba katika Zanzibar iliyotazamwa na wageni wengi kuliko hiyo. Ikiwa macho ya malaki ya watu hayakuweza kuzuia nguzo za Forodhani, yatazuia nini Mvuleni?

Basi pana njia nyingine? Ipo, na haikubuniwa na maprofesa. Kusini ya Mombasa, katika Diani, ambako hoteli zimepangana ufukweni kama meno, umebaki msitu mdogo wa Wadigo uitwao Kaya Kinondo. Kaya ni mahame kwa kila maana ya neno: watu walikaa humo zamani ndani ya msitu, kisha wakatoka, wakaacha makaburi na mahali pa matambiko. Wenyeji hawakukata uhusiano. Wazee waliendelea kuingia, kuomba na kukataza. Walipokubali wageni waingie, waliweka masharti yao wenyewe: mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mtu wa hapo, hukatazwa kuondoa hata jani, na ziko sehemu ambazo hazikanyagi. Mwaka 2008 kaya kadhaa za Wamijikenda, Kinondo ikiwa mojawapo, ziliandikwa katika Urithi wa Dunia. Cheo hicho ni kizuri, lakini hakikuuokoa msitu. Kilifika kikaukuta umekwisha kuokolewa na wale wanaouogopa. Jambo la kutazamwa hapo ni hili: mgeni ndiye abadilishaye nguo. Mahali penyewe hapakubadilishwa kumfaa yeye.

Gede, karibu na Watamu, hutoa fundisho la namna nyingine. Mji ule wa msituni ulihifadhiwa rasmi tangu mwaka 1927, na mwaka 2024 nao ukapata cheo cha Urithi wa Dunia. Kwa muda mrefu majirani zake waliuona kama uzio wa watu wengine. Mwaka 1993 ulianzishwa hapo mradi wa Kipepeo, ambao wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hulea vipepeo, na mabuu yao yakauzwa nchi za ng'ambo. Mkulima aliyekuwa akitaka msitu ukatwe apate shamba, akaanza kuhesabu miti yake. Vipepeo si historia, mtu atasema. Kweli. Lakini jirani wa Gede alipata sababu ya kupita langoni asubuhi akiwa na kazi yake mkononi. Kipepeo kimoja kilifanya kazi ambayo hotuba za miaka sitini hazikuifanya.

Kwa mifano hiyo, kinachotakiwa Fukuchani na Mvuleni hakifanani na michoro ya wataka kujenga. Kwanza ni maji na chokaa, wala si mlango wa tiketi. Ukuta wa kale wa pwani ulijengwa kwa mawe ya maweni na chokaa iliyochomwa kwa kuni. Ukuta huo hupumua, hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa saruji hufungwa pumzi: chumvi hukaa ndani, mawe hulika nyuma ya plasta, na siku moja ngozi ngumu huanguka na nyama yake. Kila mtengenezaji wa majengo ya kale analijua jambo hili, na bado saruji hutumiwa, kwa kuwa hupatikana dukani na kazi yake huisha kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Chokaa hutaka tanuu, kuni, miezi ya kuloweka, na fundi ajuaye. Kijiji kitakachofundisha vijana kumi kuchoma na kuloweka chokaa kwa ajili ya ukuta wa kale, kitakuwa na mafundi wa kutengeneza nyumba za walio hai pia. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikaondolewa mwaka 2014; na katika kazi ya miaka hiyo kumi, mikono ya wanakisiwa na mikoko iliyopandwa kuzuia bahari ilikuwa na sehemu yake. Habari hiyo haisimuliwi sana, labda kwa sababu hapana aliyekata utepe wa mikoko.

Pili ni haki ya kukataa. Kijiji kisichoweza kusema hapana hakijasema ndiyo. Ikiwa wazee wa Fukuchani wataona kwamba pango la Mvuleni lisiingiwe na wageni siku fulani, au kabisa, neno lao liwe na nguvu ya sheria, si ya maoni. Na fedha ya kiingilio, ikiwapo, ihesabiwe kijijini mbele ya watu kabla ya kwenda mahali pengine, si kurudishwa kama sadaka baada ya kuzunguka ofisi saba. Wako watakaosema kuwa wanakijiji hawataweza hesabu hizo. Watu wa Tumbatu, ambao kwa karne nyingi wameendesha vyombo baharini kwa kugawana mapato kati ya mwenye chombo, nahodha na baharia, bila ya ugomvi kufika mahakamani, hawashindwi na hesabu ya mlangoni.

Tatu ni neno linalowahusu wenye elimu, na ambalo haliwapendezi kulisikia. Kwa miaka mingi vyuo vikuu, vya ng'ambo na vya hapa, vimechimba Unguja Ukuu, Tumbatu, Fukuchani na Pemba yote hadi Ras Mkumbuu na Pujini. Vimegundua mambo makubwa, ambayo bila ya juhudi yao yasingejulikana, na shukrani wanastahili. Lakini yaliyogunduliwa yameandikwa wapi? Karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, katika majarida yanayouzwa kwa bei ambayo mwalimu wa skuli ya Mkokotoni hawezi kuilipa kwa mshahara wa wiki. Kijana aliyeshika jembe la wachimbuaji, akachekecha udongo kwa mikono yake juani, hajui mpaka leo ule udongo ulisema nini. Aliambiwa ahsante, akapigwa picha. Kisha wenye elimu hao hao hushangaa kwamba wanakijiji hawajui thamani ya urithi wao! Mtu huwezaje kujua habari aliyofichwa na mwenye kuijua?

Na Kiswahili chenyewe kina mahame yake katika vijiji hivi. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 lugha ya Mjini ilipofanywa sanifu, Kitumbatu na Kimakunduchi zimehesabiwa kuwa vichekesho vya watu wa shamba. Mtoto wa Tumbatu husahihishwa darasani kwa neno ambalo bibi yake alilirithi kutoka kwa watu wa Makutani. Majina ya vina vya bahari, ya pepo, ya aina za mawe na ya sehemu za nyumba ya mawe yamo katika lahaja hizo kwa wingi kuliko katika kamusi. Mchimbuaji akichimba pasipo msikilizaji wa lugha pembeni yake, huchukua vigae akaacha jina la chungu. Ingekuwa jambo jepesi kwa idara za Kiswahili kupeleka wanafunzi wawili wawili, kila likizo, wakae na wazee wa Fukuchani, Mvuleni na Tumbatu, waandike majina ya mahali, moja moja, kila kisima, kila mwamba, kila mti; na yaliyoandikwa yaachwe nakala katika skuli ya kijiji kabla ya kupelekwa maktaba. Hakuna mradi wa kufufua magofu utakaogharimu kidogo kuliko huu, wala ambao mwekezaji ataupenda kidogo zaidi, kwa kuwa mahali penye majina mengi hapawezi kuitwa patupu.

Limebaki pingamizi moja lenye uzito, nalo hutolewa na wanakijiji wenyewe wala si na wakubwa. Husema: sisi tunataka kazi, maji ya bomba na barabara, mawe ya kale hayapikwi. Mtu ashibaye hana haki ya kumcheka asemaye hivyo. Lakini pingamizi hili humpinga mwenye hoteli kuliko linavyompinga mtetezi wa mahame. Vijana wa Fukuchani wameona jirani zao wa Nungwi wakipata kazi, na wameona vile vile kazi gani: ya bustani, ya ulinzi, ya kufua mashuka, huku kazi za juu zikija na watu wake. Wameona bei ya kiwanja ikipanda mpaka mwenyeji akauza, na aliyeuza akarudi kupanga. Mtu akiyataja hayo huambiwa kwamba anachukia maendeleo. Hachukii. Anauliza kwa nini maendeleo ya nyumba ya Fukuchani yafuate njia ile ile, na yaongozwe na fikira zile zile, zilizokwisha kuonekana mwisho wake umbali wa safari fupi ya dala dala.

Shauri la kufyeka na kutia taa litaletwa tena, kwa jina jipya na ramani nzuri zaidi. Likiletwa, wanafunzi na walimu wa vyuo wataitwa kutoa ushauri, nao watalipwa kwa ushauri huo. Hapo ndipo yafaa waulize, kabla ya kutia sahihi: nani aliyeulizwa jina la pango la Mvuleni, na alijibu nini, ni nani atakayechoma chokaa, mvuvi wa Tumbatu atatia nanga wapi, na katika ubao utakaosimamishwa, je, litaandikwa tena neno Wareno?